Yule chozi wa juu ya Horombo

Hii ni enzi nabeba mizigo Kilimanjaro njia ya Marangu, bado sijawa kiongozi wa wageni. Sisi wabebaji tunaitwa wagumu, na ukiwa mgumu mlima wenyewe huuoni kabisa, unaona visigino vya mwenzako aliye mbele na unawaza kufika kambini mapema ili mpishi awahi kuinjika maji ya chai.

Sasa safari hiyo tulikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima kutoka Colombia, nywele zote nyeupe, darubini shingoni muda wote hata akila. Wageni wengi wanachouliza ni kilele cha Uhuru tu, ile mita 5,895, yeye tangu getini anauliza ndege. Tukafika kambi ya Horombo, mita 3,720, na pale watu hukaa siku nzima ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kwa wagumu hiyo ndo siku ya kufua soksi na kucheza karata, ila kiongozi akaniita, dogo njoo umbebee mama begi la kamera, tunapanda naye kidogo hadi Mawe ya Pundamilia. Nikasema sawa kaka, twende.

Basi tukatembea pole pole, na kila penye lobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani, mama anasimama. Mimi nilishazipita zile lobelia sijui mara ngapi sijawahi kuinama kuziangalia. Akaniita nichungulie katikati ya majani, kumbe kuna maji yametuama mle ndani na juu yake utando wa barafu ya usiku haujayeyuka bado, na kiongozi akaeleza kwamba yale maji ndo yanalinda kichipukizi kisigande. Nguzo yake ya maua imesimama kuliko kimo changu, maua ya bluu yamejificha ndani ya majani madogo madogo.

Ndo akaja chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Dume, kijani kinachometameta utafikiri kapakwa mafuta, mkia una manyoya mawili marefu yanapepea nyuma, mdomo mrefu umepinda. Akatua kwenye nguzo ya lobelia, akakamata kwa kucha, akaanza kuingiza mdomo ua moja baada ya jingine huku anashuka. Kijijini kwetu chozi tunawaona kwenye maua ya migomba, lakini huyu wa kuishi kwenye baridi ya namna hii sikuwahi kumtazama hata siku moja na nilikuwa napita mlangoni kwake kila wiki ya kazi.

Mama alishika mkono wangu akasema kitu kwa Kihispania, halafu akamgeukia kiongozi kwa Kiingereza na kiongozi akawa ananitafsiria. Kwamba kwao kuna ndege wadogo wanaitwa hamingbadi, Colombia peke yake wanapita aina 160, na Afrika hayupo hata mmoja, hao wako Amerika tu. Wanakunywa nekta, yale maji matamu ya maua, kama chozi ila si ndugu, na hamingbadi anaganda hewani mbele ya ua bila kutua, mabawa huyaoni kwa kasi, akitaka anarudi kinyumenyume. Sasa yeye amesafiri mbali kote huko kuona chozi wa mlimani anafanyaje.

Halafu akafungua picha kwenye kamera na hapo ndo nilishtuka, nikaona kama ni hapa hapa Horombo! Nyasi za juu mlimani, ukungu, na mimea mirefu imevaa majani yake makavu shinani kama koti, sawasawa na ile mimea ya misenesio iliyotuzunguka. Kumbe ni milima ya Andes, mmea unaitwa Espeletia, na yote miwili ni ya jamii ya alizeti, kila mmoja na bara lake. Na kule kuna hamingbadi mwenye kishungi na ndevu, na huyo naye mara nyingi anadandia ua kwa miguu anapokunywa, maana kuganda hewani kunakula nguvu nyingi na hewa ya juu ni nyepesi.

Nikarudisha macho kwa chozi wetu. Dume wa pili akaingia, wa kwanza akatoa manyoya mekundu ubavuni mwa kifua, mekundu kweli kweli, wakafukuzana juu ya vichwa vyetu hadi yule wa pili akaondoka. Kiongozi akasema lobelia zile zina mwenyewe. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, tukakaa pale mpaka mawingu yakapanda, Mawe ya Pundamilia hatukufika na hakuna aliyeuliza.

Usiku jikoni niliwasimulia wenzangu, mpishi akabisha kuhusu ndege wa kuruka kinyumenyume, ikabidi kiongozi aje kunitetea. Msimu ulipoisha nikaenda soko la Memorial pale Moshi nikanunua darubini ya mtumba, kioo kimoja kina mkwaruzo, na ndo ninayotumia na wageni wangu mpaka leo.