Shule mpya mtaani: maoni yanayohesabiwa na yanayoishia kwenye faili

Ujumbe unarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi: kuna trasti, yaani shirika la kuendesha shule, inataka kufungua shule mpya itakayojali tamaduni zote, njooni mtoe maoni. Wengi wetu Waafrika Mashariki hapa Uingereza tunaitikia kama harusi. Tunajaa ukumbini, tunapiga makofi, tunasaini karatasi, tunakula sambusa, tunaondoka. Shule ikifunguliwa, sare inakataza nywele za kusuka na jikoni hakuna anayejua nyama imetoka wapi. Tunashangaa, na tulikuwepo!

Shule ya aina hii, inayolipiwa na serikali bila kupitia halmashauri, inabanwa na kifungu cha 10 cha Sheria ya Akademi ya 2010. Anayeianzisha lazima ashauriane na watu "anaoona wanafaa" kabla ya makubaliano na waziri kukamilika. Sheria haisemi watu hao ni nani, wala ni kwa siku ngapi. Hapo ndipo jamii isiyo na msemaji inaporukwa bila mtu kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo msisubiri kualikwa. Msikiti, kanisa, chama cha wanawake, chuo cha Jumamosi: kila kimoja kiandike barua pepe mapema kikiomba kuwekwa kwenye orodha.

Kinachowabana zaidi waanzilishi ni vipimo vinne vilivyotokana na kesi ya Gunning dhidi ya Brent ya 1985. Maoni yakusanywe uamuzi ukiwa bado mbichi. Watu wapewe maelezo ya kutosha. Wapewe muda wa kutosha. Na majibu yao yazingatiwe kwa dhati. Mwaka 2014, katika kesi ya Moseley dhidi ya Haringey, Mahakama ya Juu ilivikubali vipimo hivyo. Usipokumbuka vyote, shika cha kwanza. Swali la kuuliza ukiingia ukumbini ni moja: mambo gani bado hayajaamuliwa? Kama jengo, jina, mwalimu mkuu na sare vimeshapita, mnaitwa kupiga picha.

Kuna pia mambo ambayo hata mkijaa watu elfu hayabadiliki, na mwandaaji mwaminifu huyataja mwanzoni. Elimu ya mahusiano ni lazima shule zote za msingi za England tangu Septemba 2020, na mzazi hawezi kumtoa mtoto. Anachoweza kuomba ni kumtoa kwenye elimu ya ngono, isipokuwa ile iliyomo kwenye sayansi. Sera yenyewe, yaani inafundishwa lini na kwa vitabu gani, shule inatakiwa kushauriana na wazazi. Mkutano usipoyatenganisha haya, saa nzima inakwenda kwa ubishi juu ya kitu kisichokuwa mezani.

Sasa kwenye fomu ya maoni. Swali la "Je, unaunga mkono shule inayojumuisha tamaduni zote?" halina kazi, maana nani atasema hapana? Tafsiri zake za Kiswahili ndizo mbaya zaidi: "ujumuishi", "mashauriano ya kisheria", maneno ambayo mama wa Mombasa na mama wa Bukavu wote watayaruka. Swali zuri ni hili: mtoto wako akiingia shule hii, nini kitamfanya ajione mgeni? Hapo majibu yanashuka yenyewe. Chakula: nyama ni ya halali, na mnyama alipigwa shoti kabla ya kuchinjwa au la? Vijiko vya kupakulia ni vya nyama hiyo peke yake? Jeli ina gelatini ya nini? Si mambo madogo, kwa sababu tangu Septemba 2014 watoto wote wa risepsheni (darasa la kuanzia) hadi mwaka wa 2 katika shule za serikali za England wana haki ya chakula cha mchana cha bure. Kuogelea: mtaala unataka mtoto amalize shule ya msingi akiweza kuogelea mita 25, basi vazi gani linaruhusiwa bwawani?

Kwenye sare, mahakama zimeshaonyesha njia zote mbili. Denbigh High School ya Luton iliposhitakiwa na Shabina Begum kuhusu jilbabu, Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, liliipa ushindi mwaka 2006, na kati ya vilivyoibeba ni kwamba sare yake, yenye chaguo la shalwar kameez (suruali na kanzu), ilipangwa baada ya kuzungumza na wazazi na misikiti ya hapo. Mwaka 2011 shule nyingine iliyomzuia mvulana mwenye nywele za kusuka mistari ilishindwa. Jaji aliona ni ubaguzi wa rangi usio wa moja kwa moja. Itajeni kesi hiyo kwenye barua yenu kuhusu nywele, itasomwa kwa makini zaidi.

Lakini kipengele kinachoamua kuliko vyote ndicho kisichosomwa: vigezo vya kupokea watoto nafasi zikiwa chache. Watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri lazima watangulie. Baada yao mara nyingi huja ndugu, kisha umbali. Umbali ukipimwa kwa mstari ulionyooka hadi getini, familia za nyumba za bei nafuu upande wa pili wa reli zinaweza kukosa shule waliyoipigania wao. Shule mpya ya kidini ya aina hii haiwezi kutoa zaidi ya nusu ya nafasi kwa kigezo cha dini ikijaa. Na shule ikitaka kubadili vigezo baadaye, ni lazima ikusanye maoni tena kwa wiki 6 au zaidi, kati ya Oktoba 1 na Januari 31. Wekeni kwenye kalenda.

Saini nazo zina hesabu yake. Risepsheni ya madarasa mawili ni watoto 60, na shule mpya ya msingi kwa kawaida hujaa mwaka mmoja mmoja, miaka 7 hadi ifike 420. Orodha ya saini 400 ambayo nusu ni ya wazazi wenye watoto wa miaka 9 haithibitishi kitu, maana watoto hao wameshapita risepsheni. Andikeni mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto na postikodi. Barua 100 zilizonakiliwa neno kwa neno zitahesabiwa kama barua moja. Aya tatu za mzazi mmoja zina uzito zaidi.

Kuhusu mkutano wenyewe: London, katikati ya Machi, saa 12 jioni ndiyo saa ya sala ya Magharibi, na Desemba jua limeshazama kabla ya saa 10. Wafanya usafi wa maofisini wako zamu jioni. Basi fanyeni mara mbili, mmoja Jumamosi asubuhi, na pawe na mtu wa kushika watoto. Mkalimani mmoja wa ukumbi mzima anakula nusu ya muda. Heri meza za watu 6 hadi 8, kila moja na lugha yake na mwandishi wake, na meza ya akina mama peke yao, maana wazee wakishika kipaza sauti hawakiachi. Wasiopenda kuandika watume ujumbe wa sauti.

Msichanganye haya na ombi la kibali cha ujenzi. Hilo ni la halmashauri, kwa kawaida siku 21, na ndiko majirani wanakolalamikia magari.

Mwisho ombeni ripoti ya maoni. Tazameni safu ya "tulichobadilisha". Ikiwa tupu, andikieni wizara ya elimu mkiomba nyaraka kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000. Wana siku 20 za kazi kujibu.