Siku moja ya fundi wa magauni ya kulalia, Ngamiani

Watu wakisikia kwamba nashona magauni ya watoto ya kulalia, wananitazama kwa huruma. Fundi wa nguo za harusi wanamwelewa, fundi wa sare za shule wanamwelewa, fundi wa kanzu ndiyo kabisa. Lakini gauni la kulalia la mtoto? Si avae tu fulana ya baba yake iliyochakaa? Na wakiona ile kazi ya kifuani, marinda yaliyodariziwa, wanasema, "Ah, umepitisha lastiki." Hapana jamani, sijapitisha lastiki. Someni siku yangu ya Jumatano, kisha ndiyo tuzungumze bei.

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, nimeinjika mbaazi jikoni, nimekaa mlangoni na sindano. Kwa asiyeijua, smoki ni darizi inayopigwa juu ya marinda. Kitambaa cha mbele kinaanza kikiwa na upana mara tatu ya kile unachotaka mwishoni. Mtoto wa miaka mitano namtaka mbele aje na inchi 12, basi nakata inchi 36. Nachora nukta za penseli kila robo inchi. Kipimo changu ni kipande cha boksi nilichokitoboa kwa msumari. Mistari saba. Piga hesabu mwenyewe: nukta 144 kwa mstari mmoja, mara saba, ni 1,008. Kila nukta naichota kwa sindano kidogo sana, nyuzi mbili tatu za kitambaa, naenda nyingine. Hii ndiyo bandi yenyewe. Kila mstari na uzi wake, fundo upande mmoja, mkia unaning'inia upande wa pili. Zikikamilika zote unashika mikia saba kwa pamoja, unavuta taratibu, na kitambaa kinajikunja chenyewe, marinda membamba yamesimama yakapangana kama makuti ya paa.

Hapo hujadarizi hata mshono mmoja.

Kitambaa cha drafti kinarahisisha, maana vile viboksi vyake ndiyo nukta zenyewe. Wateja wangu wengi hawakitaki, wanasema kinafanana na sare. Na ziko mashine ndogo za roli na sindano zinazokunja marinda yote kwa mara moja. Nimeziona kwenye simu, nimeona na bei yake, nikarudi kwenye boksi langu.

Saa 1 na nusu. Baiskeli, kutoka Makorora hadi Ngamiani. Tanga bila baiskeli haitembeleki. Kusi linavuma mwezi huu, asubuhi kuna ubaridi kidogo, watu wa hapa wamevaa masweta utadhani wako Lushoto.

Saa 2 hadi saa 4. Zipu ya suruali, sketi ya shule ya kupunguza, mteja wa kitenge aliyekuja kuuliza bei tu. Nakaa barazani mbele ya duka la vitambaa, cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga, jirani yangu ni babu anayeshona kanzu. Ndiyo kazi ya kila asubuhi, haina hadithi.

Saa 4. Chai, vitumbua viwili, kisha natoa kazi yenyewe. Nina oda ya magauni mawili. Mwenye oda ni bibi mmoja kutoka Lushoto aliyeshuka kumtazama binti yake hapa Mabawa, na kesho asubuhi anapanda basi kurudi. Gauni moja la mjukuu wa miaka mitano aliye naye hapa, jingine la mjukuu wa miaka saba aliyebaki kule juu. Kipimo cha huyu wa pili nililetewa kwa picha ya simu: mtoto amesimama karibu na ng'ombe. Nikakisia kwa urefu wa ng'ombe.

Mabishano ya kitambaa tulishayamaliza wiki iliyopita. Yeye alitaka teteroni, kile kitambaa cha poliesta, eti haikunjamani, na mikono mipana yenye marinda ya kupepea, kwa kuwa Lushoto mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Nikakataa yote mawili. Baridi ya Lushoto maana yake jioni watoto wamelizunguka jiko. Nguo pana hudaka moto upesi, na teteroni ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Pamba nayo inaungua, nisidanganye mtu, ndiyo maana mikono naibana kwenye kifundo na nguo yenyewe siifanyi mwavuli. Magauni ya kulalia ya mitumba yanayotoka Uingereza mengine yana lebo ya maandishi mekundu inayoonya nguo iwekwe mbali na moto. Wenzetu wana kanuni ya mavazi ya kulalia tangu 1985. Gauni moja la mitumba la namna hiyo ndilo lililonifundisha smoki: nililifumua mstari kwa mstari mpaka nikajua mkono wa aliyelishona ulipita wapi.

Gauni dogo lilishakamilika darizi tangu jana. La pili nilikuwa nimefika mstari wa tatu. Juu kabisa napiga mshono wa kamba, unaoshika marinda yasitawanyike. Chini yake mawimbi, sindano inapanda marinda manne, inashuka manne. Kisha ndiyo nakuja na sega la nyuki, ambalo ndilo linalovutika kuliko yote, na ndilo mtoto atakalohemea. Uzi wa kudarizia una nyuzi sita ndani yake, nautenganisha natumia tatu. Ukivuta sana smoki inakuwa ngumu na nguo haipumui. Ukilegeza, inaning'inia. Siwezi kukueleza kiasi chake, vidole ndivyo vinavyojua.

Saa 5 na robo. Bibi huyo hapo, na mjukuu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nguo zangu tayari?"

"Si tulisema jioni, mama?"

"Jioni mbali. Nimepita nione tu."

Kuona kwake ni kwa mikono. Akalishika gauni dogo, akaligeuza, akaona nyuzi za bandi bado ziko kwa nyuma. "Hizi kamba vipi? Mtoto atavaa na makamba?" Nikamweleza kwamba hizo zinatoka mwisho, nikishaipigia mvuke na kuishikiza kwenye mabega. Zikitoka mapema kazi yote inakimbia. Akaguna. Akataka mtoto ajaribu. Nikamwambia bado ni kipande cha mbele tu mama, hakina mgongo wala mikono. Akamwekea kifuani hivyo hivyo. "Dogo hili. Halimfiki." Nikamwambia nyuzi zikitoka litafunguka. "Litafunguka wapi, pamba haivutiki." Babu wa kanzu akacheka chini chini. Mimi nimeinamisha uso, nachezea mkasi.

Akaja kwenye bei. Tulikubaliana 20,000 kwa gauni, kitambaa juu yangu, na nusu alishatoa. Sasa amepita sokoni, ameona magauni ya watoto ya 8,000, "na yana marinda hivi hivi, tena yana lastiki." Ninayajua. Ile ni uzi wa mpira uliopitishwa chini ya cherehani, dakika kumi kazi imekwisha. Ukifua mara kadhaa mpira unalegea, na kabla haujalegea unamwachia mtoto alama nyekundu chini ya kwapa. Nikayasema haya kwa adabu zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema lile neno ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii:

"Lakini mwanangu, nguo ya kulalia. Nani ataiona?"

Nikamjibu, "Mjukuu wako ataiona, mama." Na kweli yule mtoto wakati huo alikuwa ameshagundua sega la nyuki, anaingiza kidole kimoja kimoja kwenye vile vishimo, anasema kila kimoja ni nyumba na anazigawa: ya mama, ya bibi, ya ng'ombe.

Bibi hakuwa akitazama. Alikuwa ameshachukua kile kipande cha pili, kile ambacho nimefika mstari wa tatu. "Hebu nione kama huku kunavutika kweli." Nikasema, "Mama, hapa—" na yeye ameshashika ncha mbili.

Uzi wa bandi ni wa pamba mwembamba, kwa makusudi, ili utoke bila kuacha tundu. Ukivutwa namna ile unakatika tu. Mistari mitatu ya chini ikakatika pamoja, na marinda yote ya chini yakafunguka mbele ya macho yangu.

Akasema, "Uzi wako mbovu huu."

Babu wa kanzu akasimama, akaenda kununua maji. Nadhani alikwenda kucheka mbali.

Sikusema kitu. Nilimpa kiti, akakaa, akazungumza na babu aliporudi habari za bei ya viazi mviringo Lushoto, bei ya machungwa Muheza, mkwe wake asiyepiga simu. Akaondoka kwenye saa 6 na nusu. Mlangoni akageuka: "Jioni eh? Usiniangushe."

Mchana. Sasa fikiria. Gauni la miaka saba lina inchi 39 kabla ya kukunjwa, nukta 156 kwa mstari. Mistari mitatu ni nukta 468 za kuchota upya. Na safari hii kitambaa hakilaliki, maana juu kimeshadariziwa na kimebanwa. Inabidi kufungua rinda moja moja kwa kucha, kutafuta alama ya penseli, kuchota, kufungua jingine. Alama nyingine zimefutika kwa jasho la mikono. Wakati huo umeme ukakatika, feni ya duka ikasimama, na babu ovaloki yake, ile mashine ya kufungia pindo, ikasimama nayo, akaanza kunisimulia Tanga ya zamani, mkonge ulipokuwa mkonge kweli, treni ya abiria, na Wahindi wenye majora ya popelini ambayo leo huyapati. Nilimshukuru kwa mazungumzo, yalinipitishia mistari miwili. Chakula nilikula kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe, wa kulia ulikuwa na subana na sikutaka mafuta yaguse kitambaa cheupe.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipovuta mikia tena yakasimama. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Sega la nyuki mistari minne. Shingo ilikuwa inawaka, na macho yakaanza kuona nukta hata ukutani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Pasi ya mkaa haijali umeme. Naiinua juu ya kitambaa chenye unyevu bila kukigusa, mvuke unapanda, marinda yanatulia mahali pake. Ukiikandamiza umeua kazi. Mabega, mgongo wenye vifungo vitatu, mikono yenye mistari miwili ya smoki kwenye kifundo. Ovaloki siihitaji kwa nguo hizi. Nashona ukingo nje kwanza, nageuza, nashona tena ndani, pindo zote zinajificha na hakuna uzi unaomkwaruza mtoto usiku. Upindo wa chini naacha inchi tatu, mwakani ataukunjua mama yake. Smoki nayo itakuwa inafunguka kadiri kifua kinavyopanuka. Wakulima na wachungaji wa Uingereza wa karne ya 18 na ya 19 walivaa mashati ya kazi yaliyodariziwa hivi hivi, mbele na mikononi, kwa sababu hiyo hiyo: nguo ilibidi ivutike bila lastiki. Hilo gauni la 8,000 hutavaa miaka miwili.

Kuchomoa bandi naacha mwisho kabisa, na nilifanyia nyumbani, taa ya kichwani, watoto wameshalala. Unakata mafundo, unavuta mkia, uzi mzima unatoka kwa mvuto mmoja. Mistari saba, mvuto saba, na gauni linafunguka inchi moja na kitu. Hata ningechoka vipi sehemu hii simwachii mtu.

Saa 2 na nusu usiku bodaboda ikasimama nje. Bibi mwenyewe, kajifunga shuka. Akayageuza magauni ndani nje, akayasogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kila mshono akitafuta. Akavuta kifua, safari hii kikavutika na kurudi. Akavuta tena.

"La mkubwa limekuja vizuri. Hili dogo mikono mirefu."

"Atakua, mama."

Alibakiza 20,000. Akanipa 18,000, elfu mbili atanitumia akifika Mombo, simu yake leo haina salio. Nikazipokea. Tayari ameshaweka mguu kwenye pikipiki, akakumbuka kitu.

"Nina mwingine, wa miezi minane. Unishonee na yeye kabla baridi haijaisha."

"Kifua chake inchi ngapi?"

"Mnene mnene hivi," akasema, akaonyesha kwa mikono miwili, na mikono yenyewe kila mara ikaonyesha mtoto tofauti.

Nikaingia ndani, nikakata kipande kirefu cha uzi wa bandi. Nikamwambia akifika amzungushie mtoto kifuani, akate pale ncha zinapokutana, kisha apige fundo na ampe dereva wa basi aniletee. Akautazama ule uzi, akauvuta kidogo kupima, ukakatika. Nikamletea mwingine, wa cherehani.