Nilivyojifunza kumjua anayezuga ukichaa na anayeumwa kweli

Mimi ni nesi wa afya ya akili hapa Dodoma, nimekaa sana na mahabusu ambao mahakama inaagiza wapimwe akili. Sheria inampa daktari siku 42 awe ametuma ripoti, watu wanadhani siku zote hizo ni vipimo na dawa, wapi, sehemu kubwa ni sisi manesi kuandika tu kala nini, kalala saa ngapi, kaongea na nani.

Mwanzoni nilichemka vibaya. Wiki moja waliletwa wawili. Wa kwanza fujo tupu, anaona majoka na malaika kutwa nzima hawakatiki hata dakika, ukimuuliza mbuzi ana miguu mingapi anasema mitano. Nikasema huyu ndo mgonjwa. Wa pili mfugaji wa huku huku kwetu, mpole, anasema mimi siumwi nirudisheni gerezani, halafu ukimhoji anaanza kuguna kawimbo chinichini, nikaona hii dharau, siku ya 3 nikaandika kwenye faili "anaigiza".

Sista mmoja mzee akaniambia mwanangu, mchana kila mtu anaigiza, kawaangalie usiku. Nikaomba shifti ya usiku.

Yule wa majoka saa 4 kalala fofofo, na siku nyingine nilimkuta anacheza drafti ya vizibo vya soda, anakula kete tatu kwa mpigo, nikitokea tu mlangoni majoka yanarudi. Ile ya miguu mitano nayo, kukosea kwa moja tu kila swali maana yake jibu lenyewe kichwani lipo. Ila Ganser, daktari wa Ujerumani aliyeandika habari za mahabusu wanaojibu hivyo mwaka 1898, yeye aliona ni ugonjwa, kwa hiyo jibu moja halinitoshi kumhukumu mtu.

Mfugaji sasa. Saa 8 usiku, baridi ile ya Julai unayoijua kama umekaa Dodoma, kakaa kitako macho makavu. Kumulika tochi, kachuna sponji ya godoro kaziba masikio yote mawili, anaguna kawimbo kale kale. Kumbe alikuwa anazizima sauti anazozisikia kichwani jamani! Sauti za kweli mara nyingi zinakuja na kuondoka, na mwenye nazo anakuwa na mbinu zake za kuzituliza, tena wengi wanaficha maana hakuna anayetaka kuitwa kichaa. Anayezuga yeye anakutafuta akuonyeshe.

Asubuhi nikamfuata daktari nikamwambia nimekosea. Hakunifokea, akauliza tu, masikio ameanza kuziba lini? Nikafungua daftari. Kuanzia siku ya 3 mpaka ya 11 ukurasa wake mweupe, nilishaamua anazuga nikaacha kumwandika.