Guangzhou bila kusoma Kichina: nilivyojipanga

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaijua Guangzhou ya wiki mbili: hoteli ya Xiaobei, mabegi ya Sanyuanli, jioni wali na kuku, kisha uwanja wa ndege. Kuhamia ni habari nyingine. Mimi nilikuja kushughulikia mizigo ya watu, yaani kukagua bidhaa na kuzifikisha godauni kabla kontena halijafungwa. Kichina sikujua kusoma hata herufi moja.

Kilichonitoa jasho kwanza ni chumba. Ukilala hotelini, hoteli yenyewe inakuandikisha polisi. Ukipanga nyumba, una saa 24 za kwenda kujiandikisha kwenye kituo cha mtaa wako, na wanataka kuona pasipoti, viza na karatasi za upangaji. Wenye nyumba wengine hawataki usumbufu huo, kwa hiyo wakiona mgeni chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Nikawa namuuliza kila dalali kabla hata ya kutajiwa kodi: mwenye nyumba atanipa karatasi za polisi? Akianza kuzungukazunguka, namshukuru nashuka ngazi. Mwishowe nilimpata mzee mmoja aliyenipeleka kituoni mwenyewe, na huko akaongea yeye mwanzo mpaka mwisho.

Malipo hayakunisumbua sana, maana sisi tumelelewa na M-Pesa. Tofauti ni kwamba hapa hata muuza mboga ana karatasi ya msimbo wa QR imening'inia karibu na mizani. Unaiskani kwa simu, unaandika kiasi, na kispika chake kinatangaza soko zima limesikia umelipa shilingi ngapi, samahani, yuan ngapi. Noti zinapokelewa, ila kutafutiwa chenji kunachosha wote wawili. Tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kuunganisha Visa au Mastercard ya nyumbani na WeChat au Alipay, programu za simu wanazolipia Wachina. Malipo yakizidi yuan 200 kuna makato ya asilimia 3. Betri ya akiba sitoki bila hiyo. Simu ikizima hapa, huna pesa, huna ramani, huna mkalimani.

Sokoni nilianza na vidole kabla ya maneno. Wachina wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Gumba na shahada ni nane, na hapo ndipo wageni wetu wanapoumia, kwa sababu kwa macho ya Mtanzania hiyo ni mbili. Kuna mteja aliyetoka Dar akaonyeshwa bei ya mkoba kwa mtindo huo, akaanza kuagiza kwa furaha ya ajabu. Nikamwomba muuzaji aandike kwenye kikokotoo. Tangu siku hiyo bei yoyote naitaka kwenye kikokotoo, hata kama nimeielewa, na naipiga picha pamoja na bidhaa yenyewe.

Halafu kuna hali ya hewa. Mimi ni wa Tanga, joto la unyevu nimezaliwa nalo, ila ukuta unaotiririka maji nimeuona huku. Kuelekea Machi, hewa ya joto kutoka baharini inakuta nyumba bado zina baridi, basi vigae vinateleza, nguo hazikauki na mkanda wa ngozi unaota ukungu kabatini. Nilifungua madirisha yote nyumba ipate hewa. Mama wa chumba cha pili akaingia, akayafunga moja baada ya jingine huku ananigombeza, akachukua rimoti ya kiyoyozi akaiweka kwenye alama ya tone la maji. Jioni sakafu ilikuwa kavu.

Ijumaa naenda msikiti ulio jirani na kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, karibu na bustani ya Yuexiu. Baada ya swala nje kuna mishkaki na mikate ya tanuri, na Waafrika, Waarabu na Wachina Waislamu wamejazana. Habari za chumba kisicho na matata, fundi wa simu au daktari anayesikia Kiingereza nazipata pale, na kwa wiki za karibuni swali kubwa ni lile lile la kila mwaka: viwanda vinafunga lini kwa Mwaka Mpya wa Kichina, maana oda isiyotoka kabla ya hapo inasubiri wafanyakazi warudi kutoka mikoani.