Karafuu na ndimu kwa pua iliyozimwa na korona

Mgonjwa akilalamika kwamba chakula hakina ladha, mfumbe macho umwekee sukari ulimini, asukutue, kisha chumvi. Akizitambua, ulimi wake mzima. Kilichopotea ni harufu. (Wapo wanaopoteza vyote viwili.) Tunapotafuna, harufu hupanda puani kupitia nyuma ya koo, na bila hiyo mchuzi wa nazi hubaki chumvi na mafuta tu. Usimpime kwa pilipili wala dawa ya kuchua yenye mentholi: hizo huwasha neva nyingine, na mtu asiyenusa kabisa atakwambia anazisikia.

Mafua ya kawaida huziba pua. Korona huweza kuiacha wazi, harufu ikakatika ghafla. Kirusi hushambulia zaidi seli zinazozitunza neva za kunusia kuliko neva zenyewe, na kwa kuwa seli hizo huzaliwa upya, wengi hupona ndani ya wiki chache. Tangu ije aina ya kirusi iitwayo Omikroni, dalili hii imepungua.

Ikizidi wiki mbili, anza mazoezi ya kunusa. Thomas Hummel, daktari mtafiti wa kunusa wa Dresden, Ujerumani, alitumia waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku, wiki 12. Jikoni twaa karafuu, maganda ya ndimu, hiliki na mdalasini, kila kimoja na kichupa chake chenye kifuniko. Karafuu ibonyeze kichwani kwa ukucha: isipotoa mafuta imechakaa, tafuta nyingine. Iponde kidogo. Maganda badilisha kila baada ya siku mbili. Nusa kwa pumzi fupi fupi, sekunde 20 kila kichupa, huku ukiikumbuka harufu yenyewe; pumzika kidogo kabla ya kinachofuata. Wengi huharibu kwa kuacha wiki ya kwanza wasipoona kitu.

Baadaye kahawa, vitunguu na nyama ya kukaanga vinaweza kunuka kama uozo. Inachukiza, lakini mara nyingi ni neva zinajiunga upya. Kula vilivyopoa: wali, ndizi, mtindi. Vitunguu usikaange kwa sasa.

Kwa muda huo chumvi ipimwe kwa kijiko, maana mkono utazidisha tu. Kiporo kiandikwe tarehe. Na kwa mtungi wa gesi usitegemee pua: paka povu la sabuni kwenye mpira na valvu, palipovuja patatoa mapovu.