Sikio ni mwanafunzi

Wiki ya tatu sasa namfundisha binamu yangu Kijapani, kuanzia sifuri kabisa. Mimi si mwalimu, nina cheti cha N4 tu (ngazi ya pili kutoka chini ya mtihani wa Kijapani), lakini alining'ang'ania mpaka nikakubali.

Matamshi hayakutusumbua. A, i, u, e, o ni zilezile zetu, na silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo "sakana" anaisoma bila kujikwaa. Balaa lilikuja kwenye maneno tunayodhani tunayajua. Kwa Kijapani "mimi" ni sikio, "nani" ni nini, na "hana" ni ua. Siku ya kujitambulisha akasimama kifua mbele: "Mimi wa gakusei desu." Yaani, sikio ni mwanafunzi! Nilicheka mpaka shangazi akaja kuuliza kulikoni. (Neno la dubu nililiruka. Tulikuwa sebuleni na wakubwa wapo. Wanaojua wanajua.)

Kinachonichosha mimi ni irabu ndefu. "Obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi. Ukivuta kidogo tu umeshamzeesha mtu.

Hiragana, yaani herufi za msingi za Kijapani, ziko 46, tunakwenda tano kwa siku. Amekwama kwenye "nu" na "me", maana zinafanana kama mapacha. Nimemwambia atazame mkia: wa "nu" unajikunja mwishoni, "me" haina kikunjo. Leo asubuhi kanitumia picha ya daftari, kajaza ukurasa mzima wa "inu", mbwa. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho kaandika "ime".

Jioni tunarudia.