Hapa hapa Utange

Nimetoka Utange, Mombasa, kwa shangazi sasa hivi, moyo umejaa.

Binti wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Somalia, alikuwa barazani akikuna nazi. Nikamhadithia Ilhan Omar. Kazaliwa Mogadishu 1982, vita vikamleta na familia yake kambi ya wakimbizi iliyokuwa hapa. Miaka minne! Mwaka 1995 wakaingia Marekani, na 2018 watu wa Minnesota wakamchagua kwenda Bunge la nchi nzima, Msomali wa kwanza kufika huko.

Mkono ukasimama juu ya mbuzi, kifuu bado kiganjani.

"Hapa hapa Utange, dada?"

"Hapa hapa, mwanangu."

Akaitazama ile njia ya mchanga muda mrefu, kama anaiona leo.

Nazi ikasahaulika kabisa.

Wenyeji wa Kisauni, nani anaikumbuka kambi ile? Nisimulieni, kesho narudi kwake.